Safu Iliyoachwa Wazi: Kuwatafuta Wazazi wa Mzee Aliyezaliwa Katika Nyumba ya Maskini Uingereza

Mwezi Februari 1841, katika kanisa dogo la Mtakatifu Hilary mjini Denbigh, kaskazini mwa Wales, alibatizwa mtoto wa kiume aliyeitwa John Rowlands. Kasisi aliandika kitabuni jina la mama, Elizabeth Parry, na jina la mwanamume aliyetajwa kuwa baba, kisha akaongeza neno moja: mwanaharamu. Miaka 6 baadaye mtoto huyo alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakaa humo hadi 1856. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa jina alilojitwalia alipofika Marekani, Henry Morton Stanley, yule aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumfuata Livingstone hadi Ujiji na ambaye watu wa Kongo walimwita Bula Matari. Vitabu vilivyoandikwa juu ya maisha yake vinajaza rafu, na bado waandishi wake hawajakubaliana baba yake alikuwa nani. Wapo wanaomkubali John Rowlands aliyeandikwa kitabuni, na wapo wanaomtaja wakili mmoja wa mji huo huo.

Ikiwa hali ni hiyo kwa mtu mashuhuri namna hii, mtu anayemtafuta babu mzaa babu yake, kibarua asiyejulikana nje ya kijiji chake, aliyezaliwa ndani ya nyumba ya maskini kabisa na si kupelekwa humo akiwa na miaka 6, anaweza kudhani kwamba mlango umekwisha kufungwa. Hapana. Mara nyingi anagonga mlango usio wake. Anatafuta karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya kueleza baba ni nani, ilhali serikali ya wakati ule haikujali sana swali hilo. Swali lililoisumbua, na kuifanya iandike kurasa kwa maelfu, lilikuwa jingine: nani atamlisha mtoto huyu? Anayefuata swali hilo la pili ndiye hufika, hata kama hafiki kila mara, kwenye jibu la lile la kwanza.

Kwanza tuielewe nyumba yenyewe. Tangu sheria ya mwaka 1601, kila parokia ya Uingereza na Wales ilikuwa na wajibu wa kuwatunza maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenye ardhi na nyumba. Sheria mpya ya 1834 iliziunganisha parokia katika miungano ipatayo 600, kila muungano ukiwa chini ya Bodi ya Walezi wa Maskini iliyochaguliwa na walipa kodi, na karibu kila muungano ukajenga nyumba kubwa ambamo maskini alipewa chakula na malazi kwa masharti magumu ya makusudi: alivua nguo zake akavaa sare, akatenganishwa na mume au mke na watoto wake, na mwenye nguvu akafanya kazi kama kuponda mawe, kufua au kuchambua kamba kuukuu za meli. Nia ilikuwa kwamba mtu asiingie ila ameshindwa kabisa. Msichana wa kazi za ndani aliyepata mimba alishindwa haraka kuliko wengi, kwa sababu mwajiri alimfukuza mara tumbo lilipoonekana, na kufukuzwa kazi kulikuwa pia kufukuzwa mahali pa kulala. Walezi walikuwa hawapendi kumpa mwanamke asiye na mume msaada akiwa kwao, wakimtaka aingie ndani. Ndiyo maana vyumba vya kujifungulia vya nyumba hizo vilijaa watumishi wa majumbani.

Hata hivyo, asije mtu akahitimisha kwamba kila aliyezaliwa humo alikuwa mtoto wa nje ya ndoa. Wajane walijifungulia humo, na pia wake waliotelekezwa, na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani au baharini. Kadiri karne ya 19 ilivyokwenda mwisho, hospitali za nyumba hizo ziligeuka kuwa hospitali za kawaida za watu wasio na fedha, na mke wa mtu mwenye ajira angeweza kujifungulia hapo bila aibu kubwa. Bodi za Walezi zilivunjwa mwaka 1930, na mengi ya majengo hayo yakaingizwa katika huduma ya afya ya taifa mwaka 1948. Hivyo, kabla ya kuanza kumsaka baba wa siri, mtafutaji ahakikishe kwamba baba ni wa siri kweli.

Hakikisho hilo hutoka kwenye cheti cha kuzaliwa. Usajili wa vizazi na vifo kwa Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837, na cheti cha wakati huo ni mstari mmoja mrefu uliogawanywa katika safu: siku na mahali pa kuzaliwa, jina la mtoto, jinsia, jina la baba, jina la mama, kazi ya baba, kisha sahihi na makazi ya aliyeleta taarifa. Kwa mtoto wa nje ya ndoa, safu ya baba na safu ya kazi yake zimepigwa mstari tu au zimeachwa wazi. Watu wengi huutazama uwazi huo wakadhani mama hakumjua mwanamume, au alikataa kumtaja. Kumbe uwazi huo ni wa kisheria. Sheria ya 1836 haikumlazimisha msajili kuandika baba wa mtoto wa namna hiyo. Katika miaka ya mwanzo wasajili wengine waliandika jina walilotajiwa na mama, lakini mwaka 1850 wakaelekezwa waache, na sheria ya 1874 ikakaza kwamba jina la baba litaandikwa tu ikiwa mwanamume mwenyewe amekuja pamoja na mama na kutia sahihi. Mama angeweza kusimama mbele ya meza ya msajili akalitaja jina hilo mara tatu, na bado kalamu isiliandike.

Safu ya mwisho, ya mtoa taarifa, ndiyo inayopuuzwa zaidi na ndiyo yenye utajiri. Kama mama ndiye aliyetia sahihi, au alama ya msalaba kwa kutojua kuandika, tazama makazi aliyoyataja: akitaja nyumba ya maskini, basi alikuwa bado ndani siku ya usajili, akitaja kijiji, basi alikuwa amekwisha kutoka, na kijiji hicho huenda ni kwa wazazi wake. Kama aliyetia sahihi ni msimamizi wa nyumba, huenda mama alikuwa mgonjwa, ameondoka au amefariki, na hapo orodha za vifo za wiki zilizofuata ni za kutazamwa kabla ya kitu kingine chochote. Faharasa ya vizazi iliyowekwa mtandaoni na ofisi kuu ya usajili nayo inasaidia, kwa kuwa inaonyesha jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa hadi nyuma mwaka 1837, na pale ambapo mtoto ni wa nje ya ndoa, kwa kawaida nafasi hiyo ina kistari tu.

Kuna mtego mmoja wa miaka ya baadaye. Mwaka 1904 wasajili walishauriwa wasiandike tena kwenye vyeti kwamba mtoto amezaliwa katika nyumba ya maskini, ili asibebe fedheha hiyo maisha yake yote, na badala yake waandike anwani ya mtaa. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya maskini ya Liverpool akaandikwa kuwa amezaliwa 144A Brownlow Hill, na wa Nottingham akaandikwa 700 Hucknall Road. Ulikuwa uungwana wa kweli, ila umewasumbua vitukuu wao, ambao huhangaika na ramani za zamani wakitafuta nyumba ya familia mahali ambapo palikuwa na geti la Walezi.

Sasa tuingie ndani ya geti hilo. Wilaya za usajili wa mwaka 1837 zilichorwa kwa kufuata mipaka ile ile ya miungano ya maskini. Kwa hiyo jina la wilaya lililo juu ya cheti tayari linakuambia ni Bodi ipi iliyomlisha mama, na kumbukumbu za Bodi hiyo sasa ziko katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti husika. Kwa London nyingi ziko katika hifadhi kuu ya jiji na zimepigwa picha. Zilizobaki hazilingani. Mahali pengine mfululizo wa vitabu uko kamili, mahali pengine karatasi ziliuzwa kuwa takataka au zikaungua kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, na kilichobaki ni kumbukumbu za vikao vya Bodi tu. Kumbukumbu zinazotaja watu binafsi kwa kawaida hufungwa kwa miaka 100.

Kitabu cha kwanza kuomba ni kile cha kuingia na kutoka. Hebu tuusome mstari mmoja wa kitabu cha aina hiyo, kwa polepole. Upande wa kuingia kuna tarehe, jina, mwaka wa kuzaliwa au umri, kazi, dini, sababu ya kuomba msaada, na parokia inayotozwa gharama. Tuseme mwanamke ameingia mwezi Machi, umri miaka 22, kazi mtumishi, na kwenye sababu limeandikwa neno moja, mjamzito. Mwezi Aprili, chini ya kichwa cha walioingia, anatokea mtoto mwenye jina la ukoo lile lile, na palipopaswa kuandikwa alikotoka pameandikwa kwamba amezaliwa humo. Mwezi Juni wote wawili wanaonekana upande wa kutoka siku moja, kwa ombi la mama mwenyewe. Kwa macho ya haraka hakuna jipya. Lakini safu ya parokia inayotozwa gharama imetaja parokia ambayo si ile nyumba ilipo, na hapo ndipo penye mzigo.

Kila maskini alikuwa na parokia yake kisheria, na parokia zilishindana vikali kukwepa gharama. Kabla ya 1834 mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa wa parokia alimozaliwa, jambo lililowafanya wasimamizi wa maskini kuwasukuma wanawake wenye mimba kuvuka mpaka kabla uchungu haujaanza. Baada ya 1834 mtoto alifuata parokia ya mama hadi afike miaka 16. Ili kuijua parokia ya mama ilibidi ahojiwe: alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, alifanya kazi kwa nani na kwa muda gani. Mahojiano hayo yalipohifadhiwa, yanatoa historia ya maisha yake iliyo kamili kuliko karatasi nyingine yoyote ya mtu wa tabaka lake. Hata yasipokuwepo, ile parokia iliyotajwa kitabuni inatosha kumtenganisha na wanawake wengine 10 wa jina lile lile katika sensa, na mara nyingi inakupeleka moja kwa moja kwenye kitabu cha ubatizo chenye majina ya wazazi wake. Watafutaji huharakia baba, wakamruka mama kana kwamba ameshajulikana kwa kuwa jina lake limeandikwa. Jina si mtu. Mpaka umejua mama huyo ni binti wa nani na alikuwa anaishi kwa nani mwaka mmoja kabla ya kujifungua, huna pa kuanzia kumtafuta mwanamume.

Baada ya kitabu cha kuingia na kutoka kuna vitabu vya dini za wakazi, vilivyoanza kutunzwa kwa amri ya sheria ya 1868 ili mtoto wa Mkatoliki asilelewe Kianglikana au kinyume chake. Vitabu hivi vina hazina isiyotarajiwa, kwani vingine huandika jina na anwani ya jamaa wa karibu. Kuna pia vitabu vya ubatizo vya kasisi wa nyumba, vitabu vya chanjo ya ndui iliyolazimishwa kuanzia 1853, vitabu vya adhabu, na barua ambazo kila muungano ulikuwa ukiandikiana na makao makuu mjini London, ambazo za kuanzia 1834 hadi 1900 zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew. Barua hizi ni bahari. Usiingie humo bila jina na mwaka.

Jambo jingine ambalo vitabu hivi hulifunua ni kurudi. Wanawake hawa waliingia na kutoka, wengine kila majira ya baridi, wengine kila mimba. Stanley mwenyewe alisimulia jinsi siku moja msimamizi wa St Asaph alivyomwonyesha mwanamke aliyeletwa na watoto wawili, akamuuliza kama anamjua, naye akajibu hapana, akaambiwa huyo ndiye mama yake. Hao watoto wawili walikuwa ndugu zake wa mama mmoja. Kwa mtafutaji wa leo, ndugu wa namna hiyo ni wa thamani kubwa, kwani uzao wao ndio utakaotenganisha damu ya mama na damu ya baba tukifika kwenye vinasaba (DNA).

Tumrudie baba, na swali la nani atalipa. Ikiwa mzee wako alizaliwa kabla ya 1834, una bahati, kwa sababu wasimamizi wa maskini wa parokia walikuwa na mamlaka ya kumhoji mwanamke mwenye mimba ili amtaje mwanamume, na kumshurutisha mwanamume huyo aweke dhamana ya fedha, alipe kila wiki, au amwoe. Mahojiano, hati za dhamana na amri za mahakimu zimebaki kwa wingi katika masanduku ya parokia, na jina la baba limeandikwa humo waziwazi pamoja na kazi yake na kijiji chake. Karatasi hizo zipo kwa sababu parokia haikutaka kulipa.

Sheria ya 1834 iliugeuza mzigo. Watunga sheria waliamini kwamba wanawake walikuwa wakiwasingizia wanaume kwa ajili ya fedha, wakaamua kwamba mama ndiye abebe gharama za mtoto hadi miaka 16, na wakafanya iwe vigumu sana kumshtaki mwanamume. Kwa miaka 10 iliyofuata majina ya akina baba yanapungua kwenye kumbukumbu ghafla, na mtu aliyezaliwa kati ya 1834 na 1844 ndiye mgumu kuliko wote. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1844 sheria ikabadilishwa tena: sasa mama mwenyewe, si Walezi, angeweza kwenda mbele ya mahakimu wa wilaya kuomba amri ya matunzo, ilimradi alete ushahidi mwingine wa kuunga mkono maneno yake. Mwanamume aliyeshindwa alilipa kiasi kisichozidi shilingi 2 na peni 6 kwa wiki, na mwaka 1872 kikomo kikapandishwa hadi shilingi 5.

Sharti la ushahidi wa kuunga mkono ndilo linalomfurahisha mtafutaji, kwa sababu liliwalazimu mashahidi kusema: mwenye nyumba aliyewaona pamoja, dada aliyesoma barua, rafiki aliyesikia ahadi ya ndoa. Magazeti ya wilaya yalizipenda kesi hizi na kuziandika, wakati mwingine kwa mistari miwili, wakati mwingine kwa safu nzima. Mama alipaswa kufungua shauri kabla ya kujifungua au ndani ya miezi 12 baada ya hapo, isipokuwa kama mwanamume alikuwa ameshatoa fedha za matunzo ndani ya muda huo. Hivyo eneo la kupekua magazeti halizidi sana mwaka mmoja na nusu, na anayepekua atumie jina la mama, si la mtoto. Madaftari ya mahakama zenyewe hupatikana zaidi kuanzia 1880, yalipofanywa kuwa ya lazima. Asiyepata kitu asikate shauri kwamba hakukuwa na kesi, kwa kuwa wanawake wengi hawakuwa na ushahidi, na wanaume wengi walimaliza jambo kwa sarafu chache mkononi, bila karatasi.

Kuna dalili nyingine ambazo hazina uzito wa ushahidi lakini zinafaa kuwekwa pembeni. Mtoto aliyepewa jina la katikati ambalo ni jina la ukoo usiohusiana na mama, tuseme Hargreaves au Pickering, huenda amebebeshwa jina la baba kwa njia ambayo msajili hakuweza kuizuia. Cheti cha ndoa, ambacho kuanzia 1837 kina safu ya baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, nacho huleta jina. Hapa niseme wazi: katika mambo yote ya utafutaji wa aina hii, hakuna safu iliyowapotosha watu kama hiyo. Kijana aliyesimama mbele ya kasisi, wakwe wakimtazama, aliulizwa jina la baba. Wengine walisema hawajui. Wengine walimtaja babu mzaa mama aliyewalea, au baba wa kambo, na wengine walibuni mtu mwenye jina la ukoo lao wenyewe na kumpa kazi ya heshima. Lakini wapo waliosema kweli, kwa kuwa mama aliwanong'oneza. Jina hilo lichukuliwe kama neno la shahidi mmoja, lipelekwe kwenye sensa, na litazamwe kama mtu huyo aliwahi kuishi karibu na mama katika mwaka unaohusika. Ni jina la namna hiyo ambalo watu hulinakili kwenye miti ya ukoo mtandaoni hadi likaonekana ni kweli kwa wingi wa walionakili.

Uskoti lazima itajwe peke yake, maana sheria yake ni nyingine. Usajili ulianza huko mwaka 1855, na mahakama ilipoamua nani ni baba, uamuzi huo uliweza kuingizwa katika daftari la masahihisho linaloambatana na kizazi. Maombi ya msaada wa maskini ya Glasgow, ambayo yamehifadhiwa jijini humo, yanamhoji mwombaji kwa kina ambacho Mwingereza hukionea wivu. Aliyekwama na mzee wa Uskoti aanzie hapo, si kwenye magazeti.

Na wapo ambao hata mama hawana. Mtoto aliyeokotwa mlangoni au njiani akaletwa katika nyumba ya maskini aliandikishwa safu zote mbili zikiwa wazi, na jina akapewa na maofisa, mara nyingi likitokana na mtaa alipookotwa, siku yake au mtakatifu wa siku hiyo. Jina la namna hiyo halina ukoo nyuma yake, na kulifuatilia katika sensa ni kupoteza miezi. Karatasi za kutafuta ni kumbukumbu za vikao vya Bodi za wiki hiyo, ambazo hueleza mtoto alivaa nini na nani alimwokota, na gazeti la Jumamosi iliyofuata. Zaidi ya hapo ni vinasaba peke yake.

Kuhusu vinasaba, maneno ya udugu ya Kiswahili yanafaa kulifafanua jambo hili kuliko majedwali. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba vya mzazi, mjukuu huchukua takribani robo, kitukuu moja ya nane, na kilembwe moja ya kumi na sita, yaani kama asilimia 6. Kama aliyezaliwa katika nyumba ya maskini ni babu mzaa babu yako, basi baba yake asiyejulikana wewe ni kilembwe wake, na asilimia hizo 6 zimo mwilini mwako kama vipande vilivyotawanyika. Kampuni za upimaji hukulinganisha na watu wengine waliopima na kukueleza mmeshirikiana kiasi gani kwa kipimo kinachoitwa sentimogani. Mzazi na mtoto hushirikiana karibu 3,500. Wajukuu wa ndugu wawili, kwa wastani, hushirikiana karibu 230, na vitukuu wa ndugu wawili karibu 73, ingawa wapo vitukuu wa ndugu, kama mmoja katika kumi, ambao kipimo hakioni kitu kabisa kati yao.

Sasa fikiria kwamba baba huyo wa siri alikuwa na mke na watoto wa ndoa upande wa pili wa mji. Hao na babu mzaa babu yako walikuwa ndugu wa baba mmoja tu, kwa hiyo kiasi kinapungua: wewe na kitukuu wa upande wa pili mnaweza kutarajia kama 48, kiwango ambacho hupotea kwa urahisi katika orodha ya maelfu. Lakini kama yupo shangazi wa baba yako aliye hai, yeye ni mtoto wa mzee mwenyewe aliyezaliwa humo, na hata shangazi yako wa kawaida ni mjukuu. Kila kizazi unachopanda kinaongeza maradufu, kwa wastani, kiasi kinachoonekana. Ndiyo sababu ushauri wa kwanza wa watu wa fani hii si kampuni gani ya kutumia. Ni kumpima mtu mzima kuliko wote katika familia, mapema, na kwa ridhaa yake baada ya kuelezwa kinachoweza kutokea.

Majibu yakija, kazi ni ya kuchambua kama mchele. Ondoa kwanza wote wanaoungana na wewe kupitia mistari unayoijua, wakiwamo uzao wa mama kwa watoto wake wengine, wale ndugu wa mama mmoja waliotajwa juu. Wanaobaki wagawe katika vikundi kwa kutazama nani anashirikiana vinasaba na nani. Kikundi kimoja ambacho hakihusiani na yeyote unayemjua, na ambacho miti ya ukoo ya wanachama wake inakutana kwa mume na mke fulani walioishi maili chache kutoka kwenye nyumba ile ya maskini, ndicho kinachotafutwa. Kama aliyezaliwa ni mwanamume na mstari wa wanaume haujakatika hadi kwa mtu aliye hai, kipimo cha kromosomu ya Y kinaweza kuongeza jina la ukoo, kwa sababu hurithiwa kutoka baba kwenda mwana karibu bila kubadilika.

Wale mtakaowaandikia hawakuomba habari hizi. Kuna mtu mahali fulani ambaye babu yake ni mzee wa kanisa kwenye picha ya ukutani, na barua ya kwanza inayomtaja babu huyo kama mwanamume aliyemtelekeza mtumishi itafunga mlango. Barua inayouliza tu kama familia yao iliwahi kuishi eneo fulani miaka fulani hujibiwa zaidi.

Mara nyingi vinasaba huishia kwa mume na mke, si kwa mtu mmoja. Wana wao wanne wana vinasaba vya wazazi wale wale, na kwa umbali wa vizazi hivi hakuna kipimo cha kawaida kitakachomchagua mmoja wao. Hapo karatasi zinarudi kazini. Rudi nyuma miezi 9 kutoka siku ya kuzaliwa, fungua sensa iliyo karibu zaidi, na utazame nani kati ya hao wanne alikuwa wapi: mmoja alikuwa na miaka 11, mwingine alikuwa askari India, wa tatu alikuwa ameoa na kuhamia kaunti nyingine, na wa nne alikuwa kibarua wa farasi katika shamba ambalo mtumishi wake wa ndani, umri miaka 20, ana jina unalolijua. Ikiwa waliobaki ni wawili na hakuna karatasi inayowatenganisha, andika kwenye mti wa ukoo majina yote mawili, na tarehe uliyofikia.